Mtandao Mzito wa Ofisini na Kebo Niliyoibana Mwenyewe

Kwa karibu mwezi mzima nilitafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwapo. Ofisi yetu ilikuwa na watu kumi na mmoja, seva moja ya mafaili iliyofungiwa kabatini, swichi moja (kifaa kinachounganisha kebo zote) yenye poti, yaani matundu ya kebo, kumi na sita juu yake, na kebo zilizopita ndani ya dari hadi kwenye meza ya kila mtu. Mimi sikuajiriwa kwa kazi ya mitandao. Niliajiriwa kuandaa taarifa na kutunza kumbukumbu, lakini kwa kuwa niliwahi kubadilisha wino wa printa bila kuita fundi, kila chenye waya kikawa changu. Kwa hiyo mhasibu wetu alipoanza kulalamika kwamba kufungua kitabu cha hesabu kutoka kwenye seva kunachukua muda hadi anasahau alichotaka kukiangalia, malalamiko yale yaliletwa kwangu.

"Mtandao ni mzito," ndiyo kauli niliyoletewa, nami nikaipokea kama ilivyo bila kuuliza mtandao upi. Nilifungua ukurasa wa kupima kasi ya intaneti, nikaona namba ambayo haikunifurahisha, nikaigombeza kwa simu kampuni inayotuuzia intaneti, na hatimaye nikamshawishi mkurugenzi tupandishe kifurushi. Kifurushi kikapandishwa. Kitabu cha hesabu kikaendelea kuzungusha alama ya kusubiri vilevile. Naona haya kidogo kueleza sababu, maana iko wazi: faili linalotoka kwenye seva iliyo kabatini kwenda kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili halitoki nje ya jengo. Linapita kwenye kebo ya seva, kwenye swichi, na kwenye kebo ya mezani, basi. Intaneti ingeweza kukatika kutwa nzima na faili lile bado likafunguka kwa kasi ileile.

Baada ya hapo nilizima na kuwasha kila kitu asubuhi moja kabla watu hawajafika, nikafungua faili moja kubwa mara tatu mfululizo ili kujiridhisha. Mara ya kwanza lilichelewa, mara ya pili na ya tatu likafunguka upesi, nikatangaza kwamba tatizo limekwisha. Halikuwa limekwisha. Faili ambalo limetoka kusomwa hubaki kwenye kumbukumbu ya muda (RAM) ya seva, na mara nyingine hata kwenye kompyuta iliyolifungua, hivyo ukilirudia unapima kumbukumbu hiyo na si njia nzima. Isitoshe, saa ile nilikuwa peke yangu ofisini. Saa tatu, watu wote walipokuwa wameketi, hali ilikuwa ileile ya jana.

Lakini kosa ninalolikumbuka zaidi ni la kompyuta ya mhasibu mwenyewe. Nilisoma mahali kwamba kasi ya kadi ya mtandao, sehemu ya kompyuta inayochomekwa kebo, inaweza kupangwa kwa mkono badala ya kuachwa ijipange, nikaingia kwenye mipangilio yake na kuilazimisha ifanye kazi kwa megabiti 100 kwa sekunde, ikituma na kupokea kwa wakati mmoja. Nilidhani ninaisaidia. Kompyuta ambayo ilikuwa nzito ikawa kama imekufa: faili la megabaiti chache lilichukua dakika kadhaa, ilhali nikituma pingi, yaani ujumbe mfupi wa kujaribu kama seva inajibu, majibu yalirudi haraka, bila hata moja kupotea. Nilirudisha mipangilio ya awali jioni ileile bila kuelewa nimefanya nini. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba vifaa viwili vilivyounganishwa kwa kebo hupatana kwanza kuhusu kasi na namna ya kuzungumza. Ukiufunga upande mmoja kwa mkono, huacha kupatana, na upande wa pili, ambao bado unasubiri mapatano, unaweza kuitambua kasi lakini hauna njia ya kujua kama mwenzake anatuma na kupokea kwa pamoja. Kwa tahadhari unachagua kwenda kwa zamu. Sasa mmoja anaongea wakati wowote anaotaka, mwingine anaona ameingiliwa, anakata na kuanza upya. Pingi ni vipande vidogo vya data, yaani pakiti, kimoja baada ya kingine, kwa hiyo havigongani. Faili ni mamia au maelfu ya pakiti zinazokimbizana huku majibu ya mapokezi yakirudi upande wa pili, na hapo ndipo migongano inapojaa.

Aliyenitoa kwenye kubahatisha ni fundi mmoja mtu mzima aliyekuja kurekebisha simu za mezani. Nilimwamkia, nikamweleza kwa urefu, naye akanisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza maswali mawili tu. "Kijana, mzito kiasi gani? Na kutoka wapi kwenda wapi?" Sikuwa na namba hata moja. Nilikuwa na mwezi mzima wa malalamiko, bili mpya ya intaneti, na hakuna namba.

Tulianza na jambo ambalo lingenichukua dakika kumi siku ya kwanza. Tulinakili faili moja kubwa, ambalo halikuwa limefunguliwa siku hiyo, kutoka kwenye seva kwenda kwenye kompyuta yangu, na tukaangalia kasi iliyoonyeshwa: megabaiti 11 kwa sekunde, ikitulia pale pale kama maji kwenye mtungi. Mzee akacheka. "Hiyo si kasi, hiyo ni sahihi ya mtu," akasema. Megabaiti moja ni megabiti nane, kwa hiyo 11 ni megabiti 88. Ukiongeza gharama ya vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayotangulia kila pakiti) na ya mazungumzo ya kushirikisha mafaili, unafika karibu sana na ukomo wa kiungo cha megabiti 100. Kiungo cha gigabiti moja kikiwa kizima hukupa kati ya megabaiti 110 na 118 kwa faili kubwa. Kasi inayopanda na kushuka inaweza kutokana na mambo mengi, lakini kasi iliyonyooka kwenye 11 inakwambia kwamba mahali fulani njiani kuna kiungo kimeshuka daraja.

Kisha akaniwekea programu ndogo ya bure iitwayo iperf3, ambayo tangu siku ile sijaiacha. Unaiwasha upande wa seva ikae ikisubiri, unaiwasha kwenye kompyuta ya mezani ukiipa anwani ya seva, nayo kwa sekunde kumi inamwaga data kadiri njia inavyoweza kupitisha, kisha inakupa namba. Uzuri wake ni kwamba data hiyo inatoka kwenye kumbukumbu ya mashine moja na kuingia kwenye kumbukumbu ya nyingine bila kugusa diski, hivyo unapima njia pekee. Ukiiongezea herufi R inapima kwa mwelekeo wa kinyume, na hilo si jambo la kupuuza, kwa sababu kebo mbovu inaweza kupitisha vizuri upande mmoja na kuchechemea upande wa pili.

Tulichora jedwali kwenye karatasi: jina la meza, kasi ambayo kadi inadai kuwa nayo, kasi ya kwenda, kasi ya kurudi. Tulizunguka meza zote kumi na moja jioni, watu wakiwa wameondoka. Meza kumi zilitoa namba ileile, megabiti 94 au karibu yake. Meza ya mhasibu peke yake ilirukaruka, mara 60, mara 20, mara 45. Na kompyuta saba kati ya zile kumi zilidai kwamba kadi zao zimeunganishwa kwa gigabiti moja.

Mimi nilitaka kukimbilia meza ya mhasibu kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilalamika zaidi. Mzee akanizuia. "Wote wakiharisha, angalia kwanza kisima." Meza saba zina gigabiti hadi kwenye swichi, lakini hakuna hata moja inayovuka 94 kwenda kwenye seva, basi kiungo kilichoshuka ni kile wanachokitumia wote. Tukafungua kabati. Kwenye swichi ile taa ya kijani ilimaanisha gigabiti na ya rangi ya chungwa ilimaanisha 100. Rangi hizi hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo ni lazima usome maelezo ya swichi yako. Poti ya seva ilikuwa inawaka rangi ya chungwa. Nilikuwa nimelifungua kabati lile mara ishirini mwezi ule, na taa ile ilikuwa ikiwaka mbele ya macho yangu kila mara. Kwenye seva yenyewe, iliyokuwa ya Linux, amri ya ethtool ikathibitisha: 100.

Tulibadilisha kebo ile fupi kwa nyingine na taa ikageuka kijani papo hapo. Kwangu mimi kazi ingeishia hapo, lakini mzee alikata kichwa cha kebo ya zamani na kunipa nikishike mbele ya taa. Kichwa cha kebo ya mtandao ni cha plastiki angavu, na ukikitazama kwa mbele unapaswa kuona ncha nane za shaba zimefika ukutani. Niliona saba. Waya wa kahawia uliishia kama milimita mbili nyuma, na jino lililopaswa kuuma shaba yake lilikuwa limeuma plastiki tupu. "Kabati hili lilisogezwa lini?" akauliza. Lilisogezwa tulipopaka rangi, wiki chache kabla malalamiko hayajaanza. Kebo ilivutwa, na waya ambao haukubanwa sawasawa ukarudi nyuma.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo hadi leo nalieleza kwa kila anayenipigia simu kuhusu mtandao mzito. Kebo ina nyaya nane, zikiwa jozi nne. Kiungo cha megabiti 100 kinatumia jozi mbili tu, zile za meno namba 1 na 2, na 3 na 6. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Kwa hiyo waya mmoja wa kahawia au wa bluu ukikatika, kebo haifi. Kadi nyingi hujaribu gigabiti mara kadhaa, zikishindwa zinashuka hadi 100 na kuendelea na kazi bila kumwambia mtu. Waya huo mdogo ulikuwa umeigawia ofisi nzima megabaiti 11 kwa sekunde, watu kumi na mmoja wakigombania, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu uliotokea kwenye kioo cha mtu yeyote.

Tulipima upya. Meza saba zikapanda hadi megabiti 940 hivi. Tatu zikabaki kwenye 94, na hizo hazikutuchukua muda: kompyuta zake hazikuchomekwa ukutani moja kwa moja, bali zilipitishwa kwenye simu ya mezani, ambayo ina tundu la pili nyuma yake kwa ajili ya kompyuta. Ni mpango mzuri pale soketi zinapokuwa chache, lakini simu zile zilikuwa za zamani na tundu lile lilikuwa la megabiti 100. Chumba kile kilikuwa na soketi za akiba ambazo hazikuwa zikitumika. Tukahamisha kebo tatu na kuendelea.

Ikabaki meza ya mhasibu. Kadi yake ilidai gigabiti moja, kisha baada ya dakika chache ikadai 100, kisha ikarudi. Kipimo kilitoa 300, kikatoa 35, mara moja kikasimama kabisa kwa sekunde mbili. Nilichomoa kebo yake na kuichomeka kwenye kipima waya changu, kile kidogo chenye taa nane zinazowaka kwa zamu upande huu na upande ule, na taa zikawaka moja hadi nane bila kuruka. Nikamwambia mzee kwa uhakika kabisa kwamba kebo ni nzima, na kwamba naijua kwa sababu niliibana vichwa vyake mwenyewe.

Hakunijibu. Alikitazama kichwa, akasoma rangi kwa sauti kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Akasoma upande wa pili: vilevile. Mimi nikaona hakuna tatizo, pande zote zinafanana na rangi zimepangwa zikapendeza. Yeye akaniambia kupendeza huko ndiyo hitilafu yenyewe. Mpangilio unaotakiwa, ule unaoitwa T568B, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani imetengana na nyeupe-kijani kwa makusudi, kwa kuwa meno namba 3 na 6 ni jozi moja, na 4 na 5 ni jozi nyingine.

Nilikuwa nimedhani kwamba rangi ni alama tu za kumsaidia fundi asichanganye. Kumbe kusokotwa kwa waya na mwenzake ndiko kunakoifanya kebo iwe kebo. Ishara husafiri kwenye jozi kama tofauti kati ya nyaya mbili, na kwa kuwa zimesokotwa pamoja, kelele inayoingia kutoka nje inazigusa zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, kisha inafutika upande wa kupokea. Katika kebo yangu, meno ya 3 na 6 yalikuwa yanatumia waya mmoja kutoka jozi ya kijani na mmoja kutoka jozi ya bluu, kila mmoja akiwa amesokotwa na asiye wake. Hivyo jozi mbili zilikuwa zikivujishiana ishara urefu wote wa dari. Kipima waya changu hakikudanganya, ila kiliulizwa swali dogo: je, jino namba 3 la huku limefika jino namba 3 la kule? Limefika. Hakina uwezo wa kujua limefika likiwa limeshikana mkono na nani.

Kuna njia ambayo ningeweza kuiona hitilafu ile bila kusoma rangi. Kwenye Windows, amri ya netstat -e huonyesha idadi ya makosa yaliyopokelewa, na kwenye kompyuta ya mhasibu idadi hiyo ilikuwa ikiongezeka kila tuliporudia kipimo, wakati kwenye meza nyingine ilisimama kwenye sifuri. Si kila kadi inaripoti makosa haya kwa uaminifu, lakini inaporipoti, namba inayokua ni ushahidi unaotosha kukufanya ukate vichwa na kuvibana upya. Nilivikata na kuvibana usiku uleule, mzee akinisimamia na kunikumbusha nisifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kichwa. Kipimo kikatoa 941 kwenda na 940 kurudi.

Asubuhi yake mhasibu alifungua kitabu cha hesabu, akanyamaza, akakifunga na kukifungua tena. "Kaka, umekifuta kimebaki kitupu?" akaniuliza, maana alizoea kwamba kisichozunguka hakijafunguka.

Nilidhani hayo ndiyo yote, lakini wiki iliyofuata mwenzetu anayechanganua (kuskani) nyaraka alikuja kusema kwamba kwake bado ni taabu. Safari hii sikupiga simu popote. Kipimo cha iperf3 kwenye meza yake kilitoa 940. Faili moja kubwa lilinakilika kwa megabaiti 110. Folda yake ya nyaraka, yenye picha ndogo karibu elfu kumi na nane, ilikwenda kwa megabaiti 2 kwa sekunde. Njia ilikuwa nzima, tatizo likiwa ni idadi ya safari: kila faili, hata liwe dogo vipi, linahitaji kufunguliwa, kuandikwa, kupewa tarehe na kufungwa, na kila hatua ni swali linalokwenda kwenye seva na jibu linalorudi, huku kinga ya virusi ikilikagua moja moja na diski ya zamani ya seva ikihamisha kichwa chake huku na huko. Tuliamua folda za miezi iliyopita zifungwe kuwa faili moja kabla ya kuhamishwa, nasi tukaomba diski isiyozunguka (SSD) kwa ajili ya seva. Ombi la diski lilikubaliwa baada ya muda mrefu, lakini la kufunga folda lilifanya kazi siku ileile.

Kuhusu waifai ya chumba cha mikutano sina mengi. Hewa ni moja na wote wanaoitumia wanakwenda kwa zamu, hivyo namba inayoandikwa kwenye boksi la kifaa haitafika mezani. Tulihamisha chaneli hadi moja kati ya 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani kwenye gigahezi 2.4, tukachagua ile ambayo majirani walikuwa hawajaisonga, na anayetaka kuhamisha faili kubwa tukampa kebo.

Karatasi ya jedwali niliibandika ndani ya mlango wa kabati, ikiwa na tarehe na namba za kila meza, na kila kompyuta mpya inapowekwa ninaongeza mstari. Mwisho wa mwezi nilipiga simu kwenye kampuni ya intaneti kuomba turudishwe kwenye kifurushi cha zamani. Dada aliyepokea aliuliza kwa upole kama tumepata tatizo lolote la kasi. Nikamwambia hapana, kwao hakukuwa na tatizo.